Futi Iliyorefuka na Kiuno cha Mke Wangu

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnakumbuka nilikowaacha. Nilikuwa nimeinama kupiga pasi suruali ya mteja, nikasikia mshono wa suruali yangu mwenyewe unaachia kwa nyuma, na mteja akaniuliza kwa upole kama fundi ni mimi au kuna mwingine.

Kwa ambaye ndiyo kwanza anafungua gazeti, asiwe na hofu, hajachelewa. Mimi ni fundi cherehani. Nina miaka arobaini na nane, mke mmoja, watoto watatu na cherehani mbili, na siku ile kiuno changu kilikuwa inchi arobaini na nne. Cha mke wangu kilikuwa arobaini na mbili. Jioni ileile tuliketi tukakubaliana kwamba mkate, wali na viazi vimetutosha. Tunaacha wanga, tunakula protini.

Leo nawasimulia nilivyoharibu. Msinihukumu kabla sijafika mwisho, ingawa nawajua, mtanihukumu tu.

Kwanza mumjue mke wangu. Zamani alikuwa mhudumu wa maabara, kazi yake kupima na kuandika. Aliacha ili alee watoto, akasema wakikua atarudi. Watoto wakakua, maabara wakasema nafasi imejaa. Ameomba kazi mara tisa ndani ya miaka kumi na miwili, sehemu tisa tofauti. Mara tisa nimemshonea gauni la kuendea usaili, na mara tisa amerudi nalo, kalitundika kabatini, kaingia jikoni. Mwenzenu hapo huwa najifanya nina kazi nyingi.

Kwa hiyo tulipokwenda supamaketi kutafuta protini, mimi nilidhani tunakwenda kununua chakula. Kumbe mwenzangu amekwenda na daftari.

Nilimkuta amechuchumaa kati ya rafu, amepanga makopo manne ya samaki sakafuni, anayasoma maandishi kwa kioo changu cha kukuzia, kile ninachotungia uzi. Akanieleza kwamba wenye viwanda ni wajanja. Mmoja anaandika wanga uliomo katika gramu mia, mwingine anaandika uliomo katika kipande kimoja, wa tatu anaandika uliomo katika kipimo, na kipimo chenyewe ni kijiko anachokijua yeye na mama yake. Ukiwasoma hivyohivyo walivyoandika, utamsifu mwongo. Yeye akakaa palepale sakafuni akavigeuza vyote viwe gramu mia.

Samaki wa kwenye maji ya chumvi, wanga hakuna. Samaki huyohuyo kwenye sosi ya nyanya, sukari imo. Poda ya protini ya ndoo nyeupe ni nzuri, ndugu yake yenye ladha ya chokoleti ni peremende iliyosagwa. Mtindi wenye picha ya stroberi, hapana. Mtindi mzito mtupu, ndiyo.

Halafu akachukua pakiti ya soseji. Akasoma vilivyomo: cha kwanza nyama, cha pili maji, cha tatu unga wa ngano.

"Hii siyo soseji," akasema. "Huu ni mkate umevaa nguo."

Watu waliokuwa wakipita wakasimama. Mama mmoja akarudisha soseji zake kwenye rafu kimyakimya, kama aliyeshikwa anaiba. Mwingine akauliza habari za jibini ya vipande, akajibiwa kwa gramu. Mara nikamwona Meneja wa supamaketi anakuja, bwana mmoja mwenye shingo ndefu na tai fupi, nikajua tumefukuzwa leo. Akasimama nyuma ya watu, akasikiliza mpaka mwisho, akaondoka zake.

Mke wangu akapanga utaratibu. Wiki sita, kila wiki tunashika bidhaa moja kubwa, na kila Jumamosi asubuhi, kabla hatujatia kitu mdomoni, viuno vinapimwa na matokeo yanaandikwa. Mwisho wa wiki sita tutajua ipi ya kweli na ipi ya matangazo.

Mpimaji nikawa mimi. Nani mwingine? Nimepima viuno miaka ishirini na sita, vikiwemo vya watu wakubwa wanaobana pumzi. Na futi yangu ya kupimia si ya juzi. Ni ya kitambaa, nilirithishwa na mzee aliyenifundisha kazi, naivaa shingoni toka asubuhi hadi jioni kama daktari anavyovaa mipira yake ya kusikilizia moyo.

Sasa kuna suala la friji. Friji letu lina maradhi ya mlango. Likiwa na vitu vichache linafunga, ukilijaza linajifungua lenyewe na kukutazama. Wiki ya kwanza ilikuwa ya mayai, trei tatu, na mlango ukagoma. Nikaangalia huku na huku, hakuna kamba. Nikavua futi shingoni, nikafunga ncha moja kwenye mkono wa friji, ncha nyingine kwenye nondo ya dirisha, nikaikaza kwa nguvu zangu zote. Mlango ukatulia. Ikawa ndiyo desturi: jioni naifunga, asubuhi naifungua, naivaa, naenda kazini.

Najua kuna mafundi wanaosoma hapa na wameshashika vichwa. Subirini, msinitangulie.

Jumamosi ya kwanza, mayai yakatupunguza nusu inchi kila mmoja. Mke wangu akaandika. Nikajiona kijana.

Wiki ya pili samaki wa kopo. Tulikula samaki asubuhi, mchana na jioni. Paka wa mtaa mzima walinisindikiza kazini, na mteja mmoja alirudisha koti akasema linanuka bandari. Jumamosi tukapima: hakuna kitu. Hata uzi mmoja haukupungua. Mke wangu akaandika sifuri, akaikoleza.

Wiki ya tatu nikaombea soseji, nikaruhusiwa kwa shingo upande, ili sayansi ikamilike. Zilijaza friji mpaka juu. Alisema hazitafua dafu. Tukapima: robo tatu ya inchi. Aliniangalia mimi, akaangalia futi, akaniambia nipime tena. Nikapima tena. Robo tatu.

Wiki ya nne jibini, tofali kwa tofali, inchi nzima. Wiki ya tano mtindi mzito, ndoo sita zimebanana mle ndani mpaka futi ikawa inalia usiku kama uzi wa gitaa: inchi moja na robo.

Wiki ya sita ilikuwa ya poda, ndoo moja tu juu ya kabati. Hiyo poda sitaki hata kuisimulia. Ilinijaza upepo. Nilikuwa nimepiga magoti napima pindo la suruali ya hakimu mstaafu, tumbo likatoa hukumu kabla yake. Na pamoja na aibu yote ile, Jumamosi kiuno kilikuwa palepale.

Mke wangu akakaa na daftari lake siku mbili. Akaja na jibu, amelipigia mstari mara mbili: vinavyokaa kwenye friji vinapunguza, vinavyokaa kabatini havipunguzi. Maana yake, siri ni ubaridi. Protini ya baridi inaushtua mwili, nao unakwangua mafuta yake ujipashe moto.

Mimi nikaunga mkono. Nikamwambia hata kitambaa ukikiloweka kwenye maji baridi kinarudi, kinakuwa kidogo. Tukashikana mikono kama watu waliovumbua kitu.

Kwa hesabu ya daftari, mimi nilikuwa nimeshuka hadi arobaini na nusu, yeye, niliyemwacha nyuma nusu inchi, hadi thelathini na tisa. Alifurahi, jamani. Yale magauni tisa ya usaili akamgawia mdogo wake yote, akasema hayana mwenyewe tena. Nikamshonea mapya kwa namba mpya na yakamkaa mwilini barabara. Akawa anaimba akiosha vyombo. Sijamsikia akiimba tangu mtoto wa pili.

Ndipo Meneja akamwita.

Kumbe tangu siku ile ya makopo, wateja walikuwa wanaingia dukani wanauliza yule mama wa daftari yuko wapi. Meneja akasema ana kazi kwa ajili yake: mshauri wa wateja, rafu zote za chakula, na meza, na kitambulisho. Anaanza Jumatatu. Habari za kiuno chake zilishamfikia, kwa hiyo kuna sharti moja tu. Jumamosi mbele ya wateja apimwe kiuno hadharani, ubao uandikwe inchi arobaini na mbili za mwanzo na inchi thelathini na tisa za leo, halafu mkataba usainiwe papo hapo, kipaza sauti kikiwa kimewashwa. Kiuno kikikataa, hakuna mkataba.

Mke wangu akasema daftari lake la gramu linatosha, watu wajue kusoma maandishi ya pakiti, basi.

"Mama," Meneja akamjibu, "watu hawanunui gramu. Wananunua kiuno."

Akakubali. Na kwa nini asikubali? Kiuno si kipo?

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi saa nne, Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani akaingia kibandani kwangu ameshika suruali kwa mkono mmoja na bahasha kwa mwingine.

Huyu bwana alikuwa mteja mpya. Fundi wake wa zamani alipohama alimwandikia vipimo vyake kwenye karatasi, kiuno inchi thelathini na sita, akaniletea nimshonee suruali. Nikamshonea, nikamkabidhi. Alipoivaa kwenye gwaride la asubuhi, mbele ya wanafunzi mia tano, ilianza safari ya kushuka wakati wa wimbo wa shule. Hakunilaumu mimi. Aliogopa. Alidhani anaisha mwili kwa ugonjwa, akaenda hospitali, akatolewa damu ya kila aina.

"Fundi," akasema, akiweka bahasha mezani, "madaktari wamenikuta mzima. Kwa hiyo mgonjwa ni suruali."

Nikamjibu kwa kiburi kwamba suruali zangu haziumwi. Wiki sita hizi nimeshona nguo zaidi ya thelathini na hakuna hata moja iliyorudi kwa kosa la kipimo. Nikaitandaza ile suruali mezani, nikavua futi, nikapima kiuno chake mbele ya macho yake. Thelathini na sita. Nikamwambia ajionee.

Mwalimu ni mwalimu. Akachukua rula yangu ya chuma ya kukatia, akailaza palepale, akaisogeza mara tatu kwa utaratibu. Thelathini na tisa.

Kisha mimi nikachukua ile rula, nikanyoosha futi mezani, nikaanza kuifuata toka mwanzo. Futi ya inchi sitini. Rula ikaniambia ina sitini na tano.

Miaka ishirini na sita, na nilikuwa nafunga friji kwa futi ya kazi.

Mtaniuliza, mbona nguo nyingine hazikurudi? Hapo ndipo penye shetani. Mimi napima mwili wa mtu kwa futi ile, halafu napima kitambaa kwa futi ileile. Ikidanganya mwilini, inadanganya na mezani kwa kiasi kilekile, na uongo unafuta uongo. Nguo inakaa vizuri, mteja anashukuru, fundi anajisifu. Mwalimu Mkuu peke yake ndiye aliyekuja na namba za futi ya mtu mwingine.

Nikamwahidi kumrekebishia bure. Alipoondoka nikakaa kwenye kiti.

Daftari lote la mke wangu likanipita kichwani. Wiki ya mayai, friji lilijaa kiasi, futi ikavutika kiasi. Wiki ya mtindi, friji lilitaka kupasuka, futi ikavutika sana. Wiki ya samaki wa kopo na wiki ya poda, friji lilikuwa tupu, haikuvutwa na chochote. Tulikuwa hatupimi protini. Tulikuwa tunapima mlango wa friji.

Nikajishika mkanda wangu. Ulikuwa bado uko tundu lilelile la siku zote. Mnajua nilikuwa nimejiambiaje? Nilikuwa nimeulaumu mkanda, nikasema ngozi imekauka na kurudi.

Lakini mwenye kuzama hushika hata unyasi. Nikajisemea labda mimi ndiye sikupungua, yeye kapungua kweli. Jioni nikaingia jikoni, nikamkuta anakatakata kabichi, nikamkumbatia kwa nyuma. Mkononi nilikuwa na uzi. Nikauzungusha kiunoni taratibu, nikabana kwa vidole pale ulipokutana.

Akacheka. Akaniuliza leo nimeota nini. Akaniegemea kwa mgongo, akafumba macho, akasema kumbe kupungua kumenirudishia hata mapenzi. Nikambusu kichwani, nikatoka nimeukamata uzi kama ninayebeba maji kwenye kiganja.

Rula ya chuma ikasoma arobaini na mbili na robo.

Na robo, ndugu zangu. Alikuwa ameongezeka.

Ijumaa nilidhamiria kumwambia. Nilimkuta amesimama mbele ya kioo amevaa gauni jipya, anajifunza maneno ya kesho. Nikasema mke wangu, kuna jambo. Akanigeukia, macho yanang'aa.

"Baba watoto, kama ni jambo la kunipunguzia furaha, niambie Jumapili," akasema. "Miaka kumi na miwili ya kuomba kazi nimekuwa mke wa fundi. Sikatai, ni jina zuri. Lakini Jumatatu nitakuwa na kitambulisho chenye picha yangu na jina langu mwenyewe."

Niambieni nyinyi mngefanyaje. Nilisema jambo lenyewe ni kwamba gauni limempendeza.

Halafu nikafanya baya zaidi. Nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa Meneja. Alikuwa amepanga mfamasia wa dukani ndiye apime. Nikamshawishi kwamba kiuno cha mwanamke hadharani kipimwe na mumewe, ndiyo heshima, tena mume mwenyewe ni fundi anayejulikana. Meneja akafikiri kidogo, akasema wazo zuri, litavutia watu. Tukapeana mikono.

Ule wa kwanza, wa friji, ulikuwa ujinga, na ujinga mtu husamehewa. Huu wa pili niliufanya nikiwa na akili zangu timamu, nimechana nywele.

Jumamosi duka lilijaa. Walikuwa wamejenga jukwaa dogo katikati ya rafu za jibini na rafu za mtindi, na ubao, na Meneja ameshika kipaza sauti. Mke wangu alipanda akiwa na daftari lake kifuani. Akaongea dakika kumi bila kutetemeka. Akawafundisha watu kusoma pakiti, akawaonyesha jinsi ya kugeuza kila kitu kiwe gramu mia, akawaambia kuhusu unga ulio ndani ya soseji na sukari iliyo ndani ya sosi. Watu walikuwa wanaandika viganjani. Na yale yote yalikuwa kweli tupu. Ndicho kilichoniuma. Kazi ile aliistahili kwa ubongo wake, nao walikuwa wanampa kwa kiuno, na kiuno chenyewe nilikuwa nimekighushi mimi.

Kisha nikaitwa.

Nilipanda nina futi mbili. Mfuko wa kushoto ile ya zamani, mfuko wa kulia mpya, niliinunua asubuhi nikiwa na nia njema. Naapa nilikuwa na nia njema. Nikasimama mbele yake. Akainua mikono kama wateja wanavyoinua, akanitabasamia. Mkono wangu wa kulia ukagoma. Wa kushoto ukaingia mfukoni wenyewe.

"Thelathini na tisa," nikasema kwenye kipaza sauti.

Makofi. Meneja akaandika ubaoni. Mkataba ukaletwa, mke wangu akasaini, mkono wake unaenda taratibu kama wa mtoto anayeandika jina lake kwa mara ya kwanza. Kitambulisho akavalishwa palepale. Akakishika, akakitazama, akakigeuza nyuma, akakitazama tena. Nikajisemea hata nikienda motoni, kwa sura hii, sawa.

Nikaanza kushuka jukwaani. Meneja akanizuia.

Akatangaza kwamba kazi imeanza, hakuna kusubiri Jumatatu. Akafungua boksi. Ndani kulikuwa na futi mpya za plastiki, mia nzima, zina nembo ya duka, zawadi kwa wateja wa kwanza mia. Mshauri wetu, akasema, ataanza kuwapima watu sasa hivi. Akamkabidhi mke wangu moja.

Mke wangu akaikunjua. Alikuwa anacheka, hajawahi kucheka vile mbele za watu.

"Tuanze na mume wangu," akasema. "Alikuwa arobaini na nne. Njooni muone alipo leo."

Kabla sijapata la kusema, futi ilikuwa imeshanizunguka. Nikavuta tumbo ndani mpaka nikaona nyota. Nikaendelea kuvuta. Akainama kusoma.

Akasoma mara ya kwanza. Akasoma mara ya pili, polepole, kama anavyosoma pakiti. Kicheko kikabaki usoni lakini yeye mwenyewe akawa ameshakiacha. Akainua macho akanitazama. Tumeoana miaka ishirini na tatu, na sijawahi kutazamwa vile na mtu yeyote, hata na mama mzazi.

Kisha akaweka kidole gumba juu ya namba, akawageukia watu.

"Arobaini na nusu," akatangaza.

Watu wakapiga makofi, wengine wakapiga vigelegele. Meneja akaandika ubaoni. Mke wangu akasogea karibu kama anayenirekebisha kola, tabasamu lake limewaelekea wateja, na midomo haikucheza kabisa alipouliza.

"Na mimi ni ngapi?"

Nikasema mke wangu, tutaongea nyumbani.

"Sikukuuliza tutaongea wapi. Nimekuuliza mimi ni ngapi."

Nikamwambia. Arobaini na mbili na robo.

Aliitikia kwa kichwa mara moja. Akaiviringisha ile futi mpya vizuri, akairudisha kwenye boksi. Akamwendea Meneja, akaomba mkataba wake auangalie kidogo, akapewa. Akaukunja mara mbili. Wenzangu, nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake na sikuweza kujua kama anaukunja autie kwenye pochi au auchane.

Akachukua kipaza sauti, akawaomba watu wanyamaze, ana neno moja.

Wakanyamaza. Alilolisema, nitawasimulia wiki ijayo.